Habari za Bahati Nasibu, na Kwa Nini Watu Waipenda



Jumapili ya mavuno, katika mtaa mmoja upande wa Bunda, mtu mmoja alileta bahasha mezani pa Bwana. Juu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe ya kuwa ni shukrani, kwa sababu ameshinda bahati nasibu. Ndani mlikuwa na shilingi 10,000. Mwinjilisti akaipokea pamoja na mahindi, kuku na mafungu ya viazi; lakini ibada ilipokwisha wazee wa kanisa wakagawanyika. Mmoja alitaka irudishwe siku ile ile, maana ni fedha ya kamari. Wa pili akasema fedha ni fedha, na paa la kanisa lavuja. Wa tatu, ambaye siku zote ni mpole, akauliza: "Je, zile tiketi tulizouza mwaka juzi kwa ajili ya mabati, zenye zawadi ya baiskeli, zilikuwa nini?" Hapo wote wakanyamaza, nami nikanyamaza kuliko wote, kwa kuwa sahihi iliyo chini ya tiketi zile ni yangu.

Mwinjilisti akaniomba niandike somo juu ya jambo hili, ili walimu wa mitaa mingine nao wawe na la kujibu. Sikutaka kujibu upesi. Nimesoma, nimeuliza watu, nimefanya hesabu. Na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tusichanganye kura na kamari. Kura ni kitu cha kale sana, na Maandiko hayaioni haya. Yoshua aliwagawia makabila saba nchi yao kwa kura kule Shilo (Yos. 18). Zakaria aliingia hekaluni kufukiza uvumba kwa sababu kura ilimwangukia (Lk. 1:9). Mitume walipotaka kuijaza nafasi ya Yuda, walipiga kura kati ya watu wawili, nayo ikamwangukia Mathiya (Mdo. 1:26). Tazameni jambo moja: katika kura hizo zote hakuna aliyelipa kitu ili aingie, wala hakuna aliyepungukiwa ili mwenzake aongezewe. Kulikuwa na kitu cha watu wote, au kazi ya watu wote, na kura ikaondoa ugomvi. Kura ya namna nyingine ni ile ya askari chini ya msalaba: wao waligawana vazi la mtu mwingine, naye yu hai akiwatazama. Tena nabii Isaya (65:11) awakemea watu waliomwandalia Bahati meza, kana kwamba ni mungu. Wengi wetu twasoma mstari ule haraka.

Ndugu zetu Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuwa na desturi ya kupiga kura katika mambo mazito. Zamani, katika karne ya 18, kule Herrnhut walipiga kura ili kujua nani atumwe ng'ambo, hata nani amwoe nani. Desturi hiyo ilipungua katika karne ya 19 hata ikaachwa, nami sidhani kwamba vijana wetu wa leo wangeitaka irudi. Walakini imebaki kura moja: maneno ya Agano la Kale yanayowekwa kwa kila siku katika kile kitabu cha Maneno ya Siku, kilichoanza kupigwa chapa mwaka 1731, bado hutolewa kwa kura huko huko Herrnhut. Walutheri wengi hukisoma asubuhi, wala hawafikiri ya kuwa wasoma matokeo ya kura. Basi kura si dhambi kwa kuwa ni kura. Hata neno nasibu, ambalo asili yake ni Kiarabu, maana yake ni fungu, yaani sehemu iliyomwangukia mtu. Mambo yalibadilika fungu hilo lilipotiwa bei.

Hayo yalitokea Ulaya. Katika karne ya 15 miji ya Flanders na Uholanzi, kama Bruges na Ghent, iliuza kura kwa wananchi ili kupata fedha za kujenga kuta za mji na kuwasaidia maskini. Kule Genoa, katika karne ya 16, wajumbe wa baraza walichaguliwa kwa kura kutoka katika orodha ya majina, na watu wakaanza kuwekeana fedha juu ya majina yatakayotoka. Baadaye majina yakaondolewa, zikawekwa namba 1 hata 90, na kila mara zikatolewa 5. Uingereza, Malkia Elizabeth wa Kwanza alihitaji fedha za kutengeneza bandari; bahati nasibu yake ikatangazwa mwaka 1567 na kuchezeshwa mwaka 1569, mlangoni pa kanisa kuu la St Paul's, London. Mlangoni pa kanisa, ndugu zangu! Jumba la makumbusho la British Museum nalo lilianzishwa mwaka 1753 kwa fedha ya namna hiyo. Mwaka 1826 serikali ya Uingereza ikaacha kuchezesha bahati nasibu, kwa ajili ya udanganyifu na malalamiko mengi, isiirudishe hata mwaka 1994.

Mwaweza kuona sababu ya wafalme na serikali kuipenda. Ni ushuru ambao mtu hulipa mwenyewe, bila kufuatwa nyumbani, tena huulipa akicheka. Mwenye mali nyingi hana haja nao sana. Mwenye kuhangaika ndiye aulipaye kila juma.

Katika nchi yetu, sheria ya michezo hiyo na bahati nasibu ilitungwa mwaka 1967. Mwaka ule ule Azimio la Arusha lilitufundisha ya kuwa msingi wa maendeleo ni watu na juhudi yao, wala si fedha. Mwaka 1974 ikafuata sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Rais wa nchi wakati huo alikuwa mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, mtu ambaye hakuna aliyemdhania kuwa apenda utajiri wa ghafula. Sisemi haya ili kumlaumu. Nasema ili tujue ya kuwa hata taifa lililohubiri jasho lilihitaji fedha, likaona njia hii ni nyepesi. Sheria zile mbili zilibadilishwa na ile ya mwaka 2003, iliyoweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na kuwakataza walio chini ya miaka 18 wasicheze. Bahati Nasibu ya Taifa yenyewe ikazinduliwa upya mwaka 2025.

Walakini badiliko kubwa halikuletwa na sheria. Lililetwa na simu. Zamani mwenye kutaka tiketi alikwenda mjini, akatafuta kibanda, akalipa, akangoja siku nyingi. Huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, fedha ilianza kusafiri kwa vidole. Mwaka 2017 michezo kama Biko na Tatu Mzuka ikatangazwa redioni na katika televisheni mchana na usiku, na mvuvi aliye katika kisiwa aliweza kucheza bila kutoka mtumbwini. Majibu yalirudi kwa saa, si kwa mwezi. Nami naamini ya kuwa kitu kinachojibu upesi humfunga mtu kuliko kitu kinachokawia, kama vile samaki anayegusa chambo mara kwa mara humfanya mvuvi asirudi nyumbani.

Sasa tufanye hesabu, maana wengi wasema wazi ya kuwa hawajapata kuifanya. Tuweke mfano wa mchezo wa tarakimu tatu. Tangu 000 hata 999 ziko namba 1,000. Mtu alipa shilingi 500, ataja namba yake, na ikitoka alipwa mara 200, yaani shilingi 100,000. Twaiona kuwa ni fedha nyingi, na kweli ni nyingi. Lakini wakicheza watu 1,000, kila mmoja na namba yake, watatoa shilingi 500,000. Mshindi mmoja atachukua 100,000. Zile 400,000 zaenda kwa kodi, kwa matangazo na kwa mwenye mchezo. Yeye hahitaji bahati hata kidogo.

Mtu akicheza hivyo kila siku, siku 1,000 ni karibu miaka miwili na miezi tisa. Atakuwa ametoa 500,000. Wengine hudhani ya kuwa katika siku 1,000 lazima namba yake itoke angalau mara moja. Sivyo. Sanduku halikumbuki yaliyopita. Kila siku laanza upya. Wakicheza watu 100 kwa siku 1,000, watu 37 hivi hawatapata hata mara moja.

Huo ni mchezo mdogo. Uingereza walipoirudisha bahati nasibu yao mwaka 1994, mchezaji alichagua namba 6 kati ya 49, na njia za kuchagua hivyo ni 13,983,816. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa mkoa wetu wa Mara una watu 2,372,015. Basi hata kama kila mtu wa Mara, tangu mtoto mchanga wa Butiama hata bibi kizee wa Musoma, angepewa tiketi 5 zisizofanana na za mwenzake, tiketi nyingine zaidi ya milioni 2 zingebaki, na huenda iliyo njema imo katika hizo zilizobaki.

Mtu atasema: Ikiwa hesabu ni hiyo, wanaocheza ni wajinga. Hapana. Hapo ndipo wahubiri wengi tunapokosea, nasi tukikosea hapo hatusikilizwi tena. Nawajua walimu wa hesabu wanaocheza. Nami pia nimecheza.

Nilipokuwa kijana Musoma nilinunua tiketi ya karatasi, nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo ili baba asiione. Matokeo yalikuwa yatolewe baada ya siku tisa. Katika siku hizo tisa nilimjengea mama nyumba ya mabati, nikamnunulia baba mtumbwi wenye mashine, nikamlipia dada yangu ada hata kidato cha sita. Nilitembea njia ile ile ya kwenda mwaloni Mwigobero, lakini nilitembea kama mtu mwenye siri njema. Siku ya kumi nikajua ya kuwa sina kitu. Sikuisikitikia fedha, maana ilikuwa kidogo. Nilizisikitikia zile siku tisa. Nikatamani kununua nyingine.

Basi nadhani kinachouzwa si zawadi. Kinachouzwa ni siku za kungoja. Kwa shilingi 500 mtu apewa ruhusa ya kuwaza mambo ambayo kipato chake hakimruhusu kuyawaza. Mchuuzi wa dagaa akihesabu faida yake ya juma, hawezi kupata humo bati hata moja. Hesabu yake ya kweli yamwambia, "Kamwe." Tiketi yamwambia, "Huenda." Ni nani kati yetu asiyependa kuambiwa huenda?

Tena sisi watu wa Mara tumezoea kuishi na bahati. Mkulima wa pamba wa Bunda hutia mbegu ardhini bila kujua mvua itakuwaje, wala bei itakuwaje. Mvuvi huenda usiku akarudi na sangara, au akarudi na nyavu zilizotatuka. Kule Buhemba vijana hushuka shimoni miezi mingi wakifuata mwamba, na mmoja akipata, habari zake hufika Kiabakari kabla ya jua kutua. Mtu aliyekwisha kuweka jasho lake lote juu ya mvua, ziwa na mwamba, haoni ajabu kuweka shilingi 500 juu ya namba. Iko tofauti, kwa kuwa mvua haichukui sehemu nne katika tano kabla ya kunyesha. Lakini mchovu haioni upesi.

Liko na jambo la sauti. Redio hutangaza jina la mshindi mmoja na kumwuliza anajisikiaje. Wale wengine 999 hawaulizwi. Kwa hiyo masikioni mwetu dunia yajaa washindi. Na namba ikitoka 473, mwenye 472 husema, "Nilikaribia." Hakukaribia. Katika sanduku hakuna jirani. Mwenye 472 na mwenye 015 wameshindwa sawasawa. Lakini moyo haukubali, nao humrudisha kesho yake.

Kuna utafiti mmoja uliofanywa Kampala na Bwana Sylvan Herskowitz, ukachapishwa mwaka 2021, juu ya wanaume wanaoweka fedha katika matokeo ya mpira. Aliona ya kuwa wengi hawachezi kwa ajili ya furaha tu. Walikuwa na kitu kikubwa wanachokihitaji, kinachotaka fedha nyingi kwa mara moja, nao hawana pa kuikusanyia wala pa kuikopa. Baadhi yao wakapewa sanduku dogo la kuwekea akiba, na hao hamu yao ya kucheza ikapungua. Hawakuhubiriwa. Walipewa sanduku. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi nikiwa njiani.

Maana kina mama wetu wanalo sanduku hilo tangu zamani, nao waliita upatu. Wanawake 20 watoa shilingi 2,000 kila juma. Zapatikana 40,000, na mmoja azichukua zote. Nani atangulie? Wapiga kura! Vikaratasi vyatiwa katika bakuli, kila mmoja atwaa chake. Aliyepata namba 1 afurahi, aliyepata 20 anung'unika kidogo. Lakini juma la 20 litakapokwisha kila mmoja atakuwa amepokea 40,000 zake zote, wala hakuna aliyekula cha mwenzake. Hii ndiyo kura ya Shilo, ndugu. Nayo humpa mtu kitu kile kile alichokitafuta katika tiketi, yaani fedha iliyokusanyika mahali pamoja.

Nasema upatu wa watu wanaojuana. Msisahau DECI, iliyokatazwa na serikali mwaka 2009. Viongozi wake walikuwa wachungaji, nao walitumia maneno ya kanisani, kupanda mbegu na kuvuna, na watu wengi wakapanda wasivune. Upatu wa kweli hauahidi kuvuna kuliko ulivyopanda. Ukisikia ahadi hiyo, uliza nani atalipa.

Sasa nirudi kwa tiketi zetu za baiskeli. Nimejitetea moyoni nikisema, "Ilikuwa kwa ajili ya kanisa, mnunuzi alijua ya kuwa atoa sadaka." Kwa wengine ni kweli. Lakini nimemkumbuka kijana mmoja aliyenunua tiketi nane. Hakuwa mtu wa kutoa sadaka mara nane kwa mwezi. Alitaka baiskeli, nasi tulijua. Katika amri ya saba Luther atufundisha si kutoiba tu, bali kumsaidia jirani mali yake itunzwe. Sikumsaidia kijana yule. Wazee wamekubaliana ya kuwa mabati yatakayosalia yatafutwe kwa mnada wa mavuno na kwa ahadi, na vitabu viwili vya tiketi vilivyobaki vimechomwa. Mmoja wa wazee hakukubali, akasema tutachelewa kuezeka. Huenda tutachelewa.

Nikasafiri kwenda mtaa ule, tukafanya somo baada ya ibada. Tulihesabu punje 1,000 za mahindi, kazi iliyotuchukua muda kuliko tulivyodhani, maana watoto walitusahaulisha mara mbili. Punje moja tukaipaka wino, tukazitia zote katika debe, tukazikoroga. Watu 43 wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akafumba macho na kutoa punje mara tano, akirudisha kila mara. Hata mwisho, punje ya wino haikutoka. Kicheko kilikuwa kikubwa mwanzoni, kikapungua. Mwalimu atakayelifundisha somo hili asiseme neno wakati huo. Debe lasema vya kutosha.

Yule mwenye bahasha alikuwako. Hakutoa punje. Alikaa karibu na dirisha akifungua simu yake, akisoma jumbe za fedha alizotuma, akiandika kwa kalamu nyuma ya kikaratasi cha matangazo. Nilimwacha. Nilikuwa nimekwisha kuamua ya kuwa sitaikataa sadaka yake kana kwamba ni najisi. Nilitaka tu tujue ni fedha ya nani. Watu walipotoka akaja mbele, akanionyesha kikaratasi. Tangu auze pamba ya mwaka jana alikuwa amecheza mara 693, kwa shilingi 500 kila mara. Jumla 346,500. Alipokea 100,000.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, hii si shukrani. Hii ni ada ya mtoto." Akaomba arudishiwe bahasha ili ampelekee mama watoto. Mhazini akamrudishia mbele ya wazee, akaandika katika daftari: shilingi 10,000, zimerudishwa kwa mwenyewe.